Mama kisukari na uziwi, dada kiharusi akiwa kijana: ni ugonjwa mmoja?

Mwana_wa_Arua
Salaam wanajukwaa. Mama yetu alipata kisukari akiwa na miaka thelathini na kitu, na hajawahi kunenepa. Baadaye masikio yakaanza kuziba, sasa hasikii mpaka upaze sauti. Dada yangu, miaka 29, ni mfupi kuliko sisi sote, akipanda kilima kidogo miguu inakataa, na kipandauso humtapisha. Mwaka jana alianguka kifafa, akaamka haoni upande mmoja. Hospitali ya kwanza wakasema malaria imepanda kichwani. Ya pili, kifafa tu. Ya tatu, kiharusi, ingawa presha yake ni nzuri na moyo hauna kasoro. Upofu ule ulipungua wenyewe. Sasa mtoto wa mdogo wake mama naye masikio yanamsumbua.

Wazee wameshaamua ni mkono wa mtu, na macho yote yako kwa mke wa pili wa baba. Mama yule ametulea, sitaki afukuzwe. Nani amewahi kuona ukoo ukiumwa hivi, kila mtu na lake?

Bi_Zura_Jinja
Pole sana mwanangu. Ombeni dua, ila huyo mke mwenzie msimguse. Hayo ya kuonyeshana vidole yamevunja nyumba nyingi.

Muuguzi_Mbarara
Ndugu, umeandika jibu bila kujua: wagonjwa wote ni wa tumbo la bibi yenu mzaa mama. Mwambie daktari hivyo kabla hujamweleza dalili hata moja.

Kuna magonjwa ya mitokondria, yaani sehemu za seli zinazotengeneza nguvu. Zina DNA yao ndogo, jeni 37 tu, na tunairithi kwa mama. Baba hawapi wanawe. Seli moja ina nakala nyingi sana za DNA hiyo, nyingine nzima, nyingine mbovu, na kiasi cha mbovu hutofautiana kati ya ndugu, hata kati ya kiungo na kiungo cha mtu yuleyule. Ndiyo maana kwa mmoja linaumia kongosho na masikio, kwa mwingine ubongo na misuli. Viungo vinavyokula nguvu nyingi ndivyo huanza kulalamika. Badiliko moja linalojulikana tangu 1990, la nafasi ya 3243 kwenye DNA hiyo, huleta kisukari na uziwi kwa baadhi ya watu, na kwa wengine mashambulizi yanayofanana na kiharusi kabla ya miaka 40. Sisemi ndilo lenu, nasema lipimwe.

Daktari wa kisukari anaona sukari, wa masikio anaona masikio. Wapelekeni mama na dada kwa daktari mmoja, siku moja. Ombeni rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, hata ikibidi hospitali ya Mulago, Kampala. Aangalie asidi ya laktiki, ambayo hujaa mwilini mitokondria zikishindwa kazi, ingawa ikiwa ya kawaida haifuti ugonjwa. Picha ya MRI husaidia sana, kwa sababu madhara haya mara nyingi hayafuati njia ya mshipa mmoja wa damu kama kiharusi cha kawaida. Kwa kipimo cha badiliko la 3243, muulize kuhusu mkojo: kwenye damu badiliko hilo hupungua kadiri umri unavyokwenda, mtu mzima akapewa jibu safi kumbe analo.

Hassan_Bombo
Shangazi yangu aliziwika baada ya sindano za jentamaisini, ile antibayotiki. Ndiyo haya?

Muuguzi_Mbarara
Inawezekana, kaka, lakini hilo ni badiliko jingine, la 1555. Kama wengine wa upande wa mama yake waliziwika vilevile, kila mnapotibiwa semeni kabla ya kuchomwa sindano za kundi la jentamaisini.

Okello_Gulu
Kipimo chenyewe huenda kikapelekwa nje kwa pesa nyingi, na dawa ya kuponya hakuna. Mnunulieni mama kifaa cha masikio, yaishe.

Muuguzi_Mbarara
Mzee Okello, kifaa anunuliwe, naunga mkono. Lakini jina la ugonjwa linabadilisha matibabu. Metformini ya kisukari hutiliwa shaka kwa wagonjwa hawa kwa sababu ya asidi ya laktiki. Moyo hupimwa mara kwa mara hata kama hauumi. Kukaa na njaa muda mrefu kunaweza kuwaangusha, kwa hiyo kabla ya Ramadhani waulize daktari. Na ya kifafa: valproeti huepukwa ugonjwa huu unaposhukiwa, maana inaweza kuliumiza ini vibaya.

Mwana_wa_Arua
Nimetazama sasa hivi pakiti ya dada. Imeandikwa sodiamu valproeti. Nimwambie aache leo?

Muuguzi_Mbarara
Hapana! Asiache ghafla, degedege linaweza kuja lisikatike. Kesho asubuhi mpeleke na pakiti hiyo mkononi, mwambie daktari mnashuku mitokondria, muulize kama anaweza kumhamishia levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa, na kupima ini. Akianza kutapika sana, kulegea au macho kuwa ya njano, msingoje asubuhi. Mama mzazi naye aende na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja.