Naomba ushauri: marubani na mafundi wangu hawaelewani

Wakuu, habari zenu. Nasimamia zamu ya mafundi wa ndege kwenye kikosi cha anga, na hili jambo linaninyima usingizi.

Rubani anatua, anaandika kwenye kitabu cha ndege "redio mbovu", anaondoka. Mbovu vipi? Ilikatika au ilikwaruza? Akiwa kimo gani? Fundi anaipima ndege ikiwa chini, redio inafanya kazi, anajibu "hitilafu haijaonekana". Kesho tatizo lilelile linarudi angani, na lawama zinaanza: wao wanatuita wavivu, vijana wangu wanasema marubani wanajiona miungu watu.

Kuna hitilafu zinazoletwa na mtetemo au baridi ya huko juu tu, ndege ikisimama huzioni. Bila maelezo ya rubani, fundi anapapasa gizani, na sahihi yake ya kuruhusu ndege iruke ndiyo inayobeba roho ya mwenzake!

Nataka kila rubani akae na fundi angalau dakika 10 baada ya kutua. Lakini wao ni maofisa, mimi ni sajenti. Nianze kwa mkuu wa kikosi, au kwa rubani mmoja anayetusikiliza? Mliowahi kupitia hili, mlifanyaje?