Kwa nini bakteria waliozoeshwa joto huvumilia joto kali zaidi?

Nyota_Uyole (Mbeya):
Shikamooni wakubwa. Nimesoma kwamba E. koli, ambaye hustawi kwenye nyuzi 37 za selisiasi, akiwekwa kwanza kwenye nyuzi 42 kwa muda, husalimika zaidi anapopelekwa kwenye joto la kuua kuliko yule aliyepelekwa huko moja kwa moja. Kitabu kinazitaja chaperoni, ambazo hutunza protini, na protiezi, ambazo hukatakata protini. Inawezekanaje kazi mbili zinazopingana zote ziokoe seli? Nyumbani tunauza maziwa na tunayapasha kwa kuni, polepole, ndiyo maana swali hili linanigusa.

Mwl_Kihesa (Iringa):
Marahaba. Joto hulegeza mikunjo ya protini, na sehemu zinazochukia maji, ambazo kwa kawaida hufichwa ndani, hubaki wazi na kunatana hadi protini nyingi zikawa donge lisilofanya kazi. Chaperoni DnaK, ikisaidiwa na DnaJ na GrpE, huzishika sehemu hizo kabla hazijanatana, na GroEL, yenye pete mbili za vipande saba kila moja, huifungia protini ndani ya chumba chake ijikunje upya bila kuguswa na nyingine. Donge likishatokea, chaperoni nyingine, ClpB, hushirikiana na DnaK kuvuta nyuzi za protini moja moja kutoka humo. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha jibu lako, kwa sababu E. koli asiye na ClpB hupoteza sehemu kubwa ya ustahimilivu huo. Zile nyuzi 42 humpa muda wa kuziandaa protini hizi zote mapema.

Maabara_Njombe:
Naongezea upande wa protiezi. Baadhi ya protini haziponi tena, na zikiachwa huzishughulisha chaperoni bure. Protiezi Lon na ClpXP (yaani ClpX na ClpP zikiwa pamoja) huziondoa. ClpX, pete ya vipande sita inayotumia nishati ya ATP, huikunjua protini na kuiingiza ndani ya ClpP, ambako makali yote yamefichwa ili protini nzima zilizo nje zisidhurike, na asidi amino zinazopatikana hutumika kujenga protini mpya. Isitoshe, protiezi ndizo zinazoamua mwitikio uanze lini: wakati wa utulivu DnaK huishika sigma 32, protini inayowasha jeni za kinga, na protiezi FtsH huiharibu ndani ya dakika chache. Joto likipanda, DnaK huelemewa na protini zilizoharibika, sigma 32 hudumu, na jeni za kinga huwashwa. Hali ikitulia, FtsH huipunguza tena. Kwa hiyo sioni upinzani kati ya kazi hizo mbili.

Nyota_Uyole:
Asanteni sana. Je, maziwa yetu ni salama?

Maabara_Njombe:
Yakichemka sawasawa, ndiyo. Nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, huua hata Brucella, bakteria wa ugonjwa wa brusela, na kwenye mchemko chaperoni zenyewe huharibika. Hatari iko kwenye maziwa yanayoachwa vuguvugu kwa muda mrefu jikoni: humo bakteria huongezeka na pia hupata nafasi ya kujiandaa. Yapandisheni joto haraka, na yakishachemka yapozeni upesi.