Kusoma skizofrenia bila kumsahau mgonjwa

Mwanafunzi wa Ujiji:
Shikamooni wakubwa. Nasomea uuguzi hapa Kigoma, na daftari langu limejaa dalili za skizofrenia, yaani kusikia sauti zisizokuwapo, imani potofu na usemi uliovurugika, lakini jirani yetu anayeugua maradhi hayo simwoni humo. Nimsomeje mtu?

Muuguzi mstaafu, Tabora:
Marahaba. Anza na lugha: acha neno "kichaa", sema mtu anayeishi na skizofrenia. Kisha muulize anavyolala, anavyokula, na kwa nini huacha dawa. Klopromazini, dawa ya maradhi haya inayotumika tangu miaka ya 1950, hukausha kinywa na kuleta usingizi mzito, nasi huwa tunamwita mkaidi kabla hata ya kumsikiliza.

Dada wa mgonjwa, Kasulu:
Kaka yangu alipelekwa kwa mganga kwanza (sisi wenyewe ndio tuliompeleka). Anasema kilichomuumiza kuliko zile sauti ni wageni walioniuliza mimi hali yake, ilhali yeye ameketi papo hapo akimenya mihogo.

Mwanafunzi wa Ujiji:
Ahsanteni. Asubuhi hii nami nilimjulia hali jirani kupitia kwa mama yake.