Mjadala: Wasio tayari kwa demokrasia China ni wananchi au watawala?

Wadau, kuna hoja inayorudiwa kila China inapotajwa: watu zaidi ya bilioni 1.4, nchi iliyotoka kwenye njaa kuu ya 1959 hadi 1961 ikawa uchumi wa pili duniani, huwezi kuikabidhi sanduku la kura ghafla. Itasambaratika kama Umoja wa Kisovieti 1991. Washibe kwanza, wasome, mengine baadaye.

Haya, washibe mpaka lini? India ilifanya uchaguzi mkuu wake wa kwanza 1951–52 wakati wapiga kura wengi hawajui kusoma. Masanduku yakabandikwa alama za vyama, kazi ikaendelea. China ya leo karibu kila mtu mzima anasoma.

Tena hoja yenyewe ni kongwe. Sun Yat-sen, mwanamapinduzi aliyeasisi Jamhuri ya China, alipanga hatua tatu: utawala wa jeshi, kisha kipindi cha ulezi ambapo chama kingewafunza wananchi, mwisho utawala wa katiba. Chama chake, Kuomintang, kikashika ulezi kuanzia 1928, baadaye kikahamia kisiwa cha Taiwan, na huko sheria ya kijeshi ikadumu hadi 1987. Ilipoondolewa, wapinzani walikuwa wameshaanzisha chama mwaka uliotangulia, vyama vipya vikiwa bado marufuku. Wataiwani walimchagua rais moja kwa moja 1996, huku Beijing ikirusha makombora ya majaribio baharini, jirani kabisa na kisiwa. Mlezi gani amewahi kusema mwenyewe kwamba mtoto amekua?

Lakini mfano unaonikera zaidi ni Wukan, kijiji cha wavuvi mkoani Guangdong. Mwaka 2011 wanakijiji walichachamaa kwa sababu ardhi yao iliuzwa bila ridhaa yao. Mwakilishi wao mmoja, Xue Jinbo, akafia mikononi mwa polisi. Wanakijiji wakawafukuza viongozi na polisi. Serikali ya mkoa ikakubali uchaguzi wa kura ya siri, na Machi 2012 wakamchagua Lin Zuluan, mmoja wa walioongoza maandamano, kuwa kiongozi wa kijiji. Walipanga foleni, wakapiga kura, wakahesabu. Hakuna aliyechinjana na mwenzake. Mwaka 2016, ardhi haijarudi na Lin akijiandaa kuongoza maandamano mapya, alikamatwa, akafungwa miaka mitatu na ushei kwa kosa la rushwa. Sasa hapo nani alifeli mtihani?

Nakubali jambo moja, na si dogo: kura bila mahakama huru, magazeti huru na vyama vinavyoweza kushindana ni rahisi kutekwa na mwenye fedha au mwenye bunduki. China haina hivyo vitatu. Ila mwandishi Liu Xiaobo na wenzake walividai kwa maandishi, kwa amani kabisa, kwenye Mkataba wa 08, waraka wa kudai mageuzi wa mwaka 2008. Akahukumiwa miaka 11, akafariki 2017 akiwa bado mfungwa. Huwezi kumnyang'anya mtu jembe halafu ukamcheka kwamba hajui kulima.

Mwaka 2018 bunge lao liliondoa ukomo wa mihula ya rais: kura 2,958 za ndiyo, mbili za hapana.

Kwa hiyo wa upande wa "bado", karibuni. Nipeni kipimo: ni kiwango gani cha elimu, kipato au utulivu kikifikiwa mtasema sasa tayari? Na atakayepima awe nani?