Nataka kuhama kampuni ya faiba nyumbani, niangalie nini kabla sijasaini?

BabaWawili_Goba

Wakuu habari za jioni. Niko Goba, hapa kwangu nina faiba ya kampuni moja ambayo sitaitaja maana sitaki kesi na mtu, kifurushi cha spidi ya Mbps 20 bila kikomo. Mwanzoni ilikuwa safi na hata sasa mchana iko poa tu, shida ni usiku, ikishapiga saa mbili mambo yanaanza, YouTube inazunguka, mama watoto akiwa kwenye video na dada yake aliyeko Muscat sura inaganda mdomo wazi, na mimi vikao vyangu vya kazi ni usiku kwa sababu timu nyingine iko Kanada na kule ndo mchana, wananiambia sauti inakatika. Ukipiga huduma kwa wateja jibu ni lilelile, zima ruta, subiri kidogo, washa. Nimezima na kuwasha mpaka swichi ya ukutani imelegea.

Sasa kapita kijana wa kampuni nyingine, wameshavuta waya kwenye nguzo za mtaa wetu, anasema kufungiwa bure, spidi 50 kwa hela ileile ninayolipa sasa, ila nisaini mwaka mzima. Jirani wa nyuma kashafunga anasema iko moto ila bado mgeni huko.

Nyumba ni ya kupanga. Nina kamera mbili za nje ambazo naziangalia kwa simu nikiwa kazini, TV, printa, simu za watu wote humu ndani mpaka za wageni. Nikihama vyote hivyo naanza upya? Na ruta niliyonayo ni yangu au ya kwao? Mwenye uzoefu anipe mwanga, ushabiki wa makampuni tuuache kando leo.

Mchungu_Asali

Mkuu hao wote baba mmoja mama mmoja. Mwezi wa kwanza ni fungate, subiri mtaa mzima ujae ndo utawajua.

FundiWaya

Mi kazi yangu kuunga faiba, hayo makampuni yako hukuyataja na siyajui, kwa hiyo sina upande.

Kabla hujamfukuza mtu hakikisha mwizi ni yeye. Chukua laptop, chomeka waya wa LAN moja kwa moja kwenye ruta, wengine wote watoke hewani, pima spidi saa mbili usiku. Ukipata 19 au 20 kwa waya halafu wifi inakupa 4 basi kampuni haina kosa, tatizo liko ndani ya nyumba na utahama nalo. Nyumba zetu kuta za tofali, ruta imefichwa nyuma ya TV sebuleni, chumba cha kulala ukuta wa tatu, unategemea nini? Na usiku majirani wote wako nyumbani wifi zao zinagombana na yako kwenye masafa ya 2.4 GHz, kwa hiyo hata "inasumbua usiku tu" haitoshi kumtia mtu hatiani. Jaribu 5 GHz ukiwa chumba kimoja na ruta uone tofauti.

Kingine usipime kwa seva, yaani kompyuta ya upande wa pili, ambayo programu ya kupima spidi inakuchagulia. Mara nyingi inachagua seva iliyo humuhumu Dar, pengine iko ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe, lazima isome 20. Pima na fast.com pia, ile ni ya Netflix, halafu pima kwa kuchagua mwenyewe seva ya Nairobi, Johannesburg na London. Ikiwa Dar inasoma 20 na London inasoma 2 saa mbili usiku, alfajiri London inarudi 18, hapo umemkamata. Maana yake waya wa kuja kwako uko sawa, ila uwezo walionunua wa kutoka nje ya nchi hauwatoshi wateja walionao. Ni bomba la inchi moja limefungwa kwenye simtanki la lita 500, mtaa mzima unaoga saa moja.

Watu wanadhani msongamano uko pale kwenye nguzo, sio kweli sana. Faiba nyingi za majumbani ni mfumo unaoitwa GPON, waya mmoja kutoka kituoni unabeba kama Gbps 2.5, yaani Mbps 2,500, kushuka na 1.25 kupanda, unagawanywa nyumba 32, wengine wanaenda mpaka 64. Hata nyumba zote 32 zikivuta kwa mpigo, kitu ambacho hakitokei, kila moja inabaki na Mbps 70 na kitu. Kwa hiyo Mbps 20 kushindikana kwenye GPON, asilimia kubwa shida iko juu huko kwenye mfuko wa kampuni.

Halafu angalia ule kiboksi chenye taa. LOS ikiwaka nyekundu mwanga haufiki, waya umekatika au umekunjwa. Kama haiwaki ila mtandao unapotea unarudi, ingia kwenye kurasa za ruta tafuta nguvu ya mwanga inayoingia, ukiona -18 mpaka -24 dBm uko vizuri, ukiona -27 kushuka chini piga simu waambie namba hiyo, usiwaambie "mtandao unasumbua". Ukitaja dBm mtu wa upande wa pili anakaa vizuri kwenye kiti.

MamaTusiime

Kaka kuhusu vifaa usihangaike. Ruta mpya ikija mwambie fundi aweke jina la wifi lilelile la zamani na nywila ileile, herufi kubwa na ndogo zifanane, nafasi zifanane. TV, printa, simu za wageni, vyote vinaingia vyenyewe havijui hata kama umehama. Sisi tulifanya hivyo hapa Tabata watoto hawakujua kitu. Ila ruta ya zamani iwe imezimwa muda huo, zikiwa hewani mbili zenye jina moja simu zinarukaruka.

Na USIKATE ya zamani mpaka mpya ikae. Lipia zote mbili mwezi mmoja, inauma ila ni nafuu kuliko kukaa bila mtandao unasubiri fundi anayesema "niko njiani" tangu asubuhi. Kama unalipa kabla ya matumizi kwa simu we acha tu kifurushi kiishe, lakini bado waandikie kwamba umeacha, barua pepe, sio simu. Ruta soma ile fomu uliyosaini, nyingi ni mali yao wanakuazima. Ukiirudisha piga picha ile namba ya nyuma na uwasainishe wamepokea. Mdogo wangu alirudisha bila karatasi, miezi imepita wanampigia wanadai ruta.

Kimara_Mwisho

FundiWaya kaongea vizuri ila tusisahau kuna siku kosa sio la kampuni wala la ruta. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja pwani ya Afrika Kusini, Tanzania tukaumia sana. Nilikuwa kwenye foleni ya benki mfumo umelala, jamaa mmoja anaapa akitoka pale anahama mtandao. Ahamie wapi sasa? Waliokuwa na njia nyingine ya kutokea ndo walipata ahueni. Kwa hiyo muulize huyo kijana, kampuni yenu inatokea nje kwa nyaya zipi, mkikatwa upande wa kusini mnapita wapi? Hatajua, ila mwambie akuulizie ofisini, majibu watakayoleta yanakuonyesha unaongea na watu wa aina gani.

msee_wa_Kasa

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu shida si kuchagua, shida ni landlodi. Mimi naishi ghorofa huku Kasarani, kampuni imeingia jengo imeongea na mwenye nyumba, wengine wakija, keateka (msimamizi wa jengo) anawarudisha getini. Kwa hivyo ndugu, kwa vile wewe pia umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, hata meseji ya WhatsApp inatosha, kwa sababu watatoboa ukuta, na siku ya kuhama asikukate deposit ya shimo.

Na kuhusu kusaini mwaka mzima mimi naogopa. Bei za hii kitu zinabadilika. Septemba 2024 Safaricom walipandisha spidi bila kugusa bei, ile ya shilingi 2,999 za Kenya ikatoka Mbps 10 ikawa 15, ya 6,299 ikatoka 40 ikawa 80. Hiyo ni kwa sababu ushindani ulikuwa umewabana, Starlink, ile intaneti ya setilaiti, iliingia Kenya Julai 2023 na watu walikuwa wanahama. Sasa ukiwa umejifunga mwaka kwa mtu mwingine unaangalia tu wenzako wakikula. Ingawa hata hao wa setilaiti wasikudanganye, Novemba 2024 walisimamisha kuuza Nairobi na kaunti za karibu kwa sababu wamejaa.

Mchungu_Asali

@msee_wa_Kasa si ndo nilichosema mimi, wakijaa wote sawa 😂

BabaWawili_Goba

Asanteni sana aisee, nimepata shule. Nimepima kama FundiWaya alivyoelekeza. Kwa waya, saa mbili na nusu usiku, seva ya Dar 19.6, Nairobi 11, London 1.8, fast.com inacheza kwenye 3. Leo alfajiri kabla sijatoka London imesoma 17. Mwanga -21. Kwa hiyo nadhani mwizi nimemjua. Nimewatumia picha zote kwa barua pepe, wamejibu nizime ruta.

Kijana wa kampuni mpya nimempigia. Anasema faiba inaingia mpaka ndani, lakini nilivyotoka nje kuangalia kwa jirani naona kwenye nguzo kuna boksi la bati lina waya wa umeme unaingia, na kutoka pale kuja kwa jirani ni waya wa bluu kama ule wa kompyuta. Hiyo ni kawaida? Na kamera sijajibiwa.

FundiWaya

Ahaa, umefanya la maana kutoka nje kuangalia. Hiyo sio faiba ya nyumbani mkuu, hiyo ni faiba mpaka kwenye nguzo, humo ndani ya bati kuna swichi, kuanzia hapo ni waya wa shaba. Inaweza kukupa 50 vizuri tu, sio kwamba ni utapeli, lakini jua unachonunua. Kwanza ile swichi inakula umeme. GPON kile kigawanyio cha mtaani hakina umeme kabisa, kinagawa mwanga tu, TANESCO wakikata we ukiwa na betri ndogo ya ruta ya volti 12 unaendelea na kikao chako. Kwa hao wa bati, umeme wa mtaa ukikatika na betri yao ikiisha, kama wanayo, umekwisha hata kama kwako una jenereta. Pili radi. Waya wa shaba unaoning'inia nje toka nguzoni mpaka sebuleni, masika ya Dar hii, unaleta radi mpaka kwenye ruta na ikiamua inaendelea mpaka kwenye TV. Faiba ni kioo, haipitishi umeme.

Muulize wana mpango wa kuingiza faiba yenyewe ndani? Wengine wanakubali kwa wateja wa kifurushi kikubwa ukisisitiza.

Kamera inategemea ni za aina gani. Kama unaskani ile QR na programu yake inaunganisha yenyewe, hazina shida popote. Kama ni zile za DVR, yaani zenye mashine ya kurekodi, ambazo fundi alikuja kufungua milango (port) kwenye ruta na akakuandikia namba za IP, yaani anwani yako ya mtandao, hapo muulize kijana utapewa IP yako mwenyewe au ya kushea. Siku hizi wengi wanaweka wateja mamia nyuma ya IP moja, wanaita CGNAT, na kamera za hivyo hazionekani kutoka nje tena. IP ya peke yako wanauza kwa mwezi, kwa hiyo ile "hela ileile" inaweza isiwe ileile.

MamaTusiime

Na kaka ukiwa unabishana na hao wa sasa hifadhi kila barua. Wakiendelea na zima washa, malalamiko unapeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ila wao watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa kampuni na ulijibiwa nini, ndo hapo hizo picha za vipimo zinapokuwa na kazi.

BabaWawili_Goba

Kamera ni za QR, afadhali. Mwenye nyumba kasema sawa ila wasitoboe upande wa mbele. Kijana kapiga tena, kumbe bila mkataba wa mwaka inawezekana, ila kufungiwa unalipia na spidi ni 40 sio 50. Kuhusu faiba kuingia ndani anasema watavuta kutoka nguzo ya pili ya kona, ndo nasubiri fundi wao aje kupima umbali. Jumamosi ya kesho kutwa.

FundiWaya

Hiyo ya bila mkataba ichukue. Akija Jumamosi simama naye, usimwache peke yake. Waya usipite kwenye dirisha la kufunga na kufungua, utabanwa siku moja tu unavunjika ndani, nje unaonekana mzima. Kwenye kona usikunjwe kwa pembe, uwe na duara angalau la mdomo wa glasi. Mwambie aache mita kadhaa za ziada zimezungushwa karibu na boksi, siku mkihamisha ruta hutalipia kuungwa upya. Na ile konekta ya kijani mwisho wa waya usiishike kwa vidole, alama ya jasho tu inapunguza mwanga, kama kaigusa aifute mbele yako kabla hajachomeka. Akimaliza muombe akuonyeshe namba ya dBm kwenye kile kipimo chake, ipige picha. Halafu usimpe hela ya soda mpaka umepima London usiku.