Tupeane uzoefu: Gari ya spoti unailindaje kama huna banda la kuilaza?

Taa_za_Kuchomoza (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Nina gari ya viti viwili, Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa zinazochomoza ukiziwasha. Kizazi hicho kilianza 1989 kikaishia 1997, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa sasa hivi ni mtu mzima. Niliitafuta miaka minne. Nilipoipata sikuwa na banda, na mpaka leo sina. Inalala nje, ubavuni mwa nyumba.

Naufungua uzi huu kwa sababu ya kosa nililolifanya kwa mikono yangu. Nilichukua turubai zito la plastiki, lile la kufunikia mizigo kwenye lori, nikaifunika gubigubi, nikakaza kamba, nikasafiri wiki tatu moyo ukiwa umetulia. Niliporudi, harufu ndiyo iliyonipokea kwanza, harufu ya nguo mbichi zilizosahaulika ndani ya beseni. Upande wa ndani wa turubai ulikuwa unadondosha matone, na mvua ilikuwa haijanyesha siku kadhaa. Boneti ilikuwa na mabaka meupe kama kioo kilichopumuliwa, ila ukiyapangusa hayatoki. Na kwenye ncha ya kioo cha pembeni, pale turubai lilipokuwa likipigwapigwa na upepo, rangi imelika mpaka praima ya kijivu inaonekana, kiduara sawa na ukucha wa kidole gumba.

Nilikaa chini pale nikatafakari. Mchana jua linaipasha ardhi, mvuke unapanda na kukwama chini ya plastiki. Usiku ukiingia ubaridi, mvuke uleule unageuka maji juu ya bati. Wiki tatu gari imeoga kila usiku na haikupata pa kujikaushia. Ningeiacha wazi, upepo ungeikausha.

Naomba basi tupeane uzoefu, yale yaliyokukuta wewe na gari yako. Kava, betri, panya, ndege, wezi, chochote.

Mzee_wa_Nta

Pole sana mkuu. Mabaka hayo usiyakimbilie na mashine ya polishi. Ni unyevu ulionaswa kwenye tabaka la juu la rangi, na mara nyingine hujiondokea gari ikipata siku kadhaa za hewa kavu. Ipe muda kwanza.

Yangu inalala nje mwaka wa kumi na moja huu. Natumia kava la kitambaa kinachopumua: mvua haipenyi kirahisi, mvuke unatoka, na ndani kuna manyoya laini. Lakini hata kava zuri linaharibu rangi mikononi mwa mwenye haraka. Wengi wanafunika gari yenye vumbi. Vumbi ni mchanga, na ukiliburuzia kava juu yake, kisha upepo ukalitikisa usiku kucha, umeipiga gari msasa. Mimi gari ambayo haijaoshwa na kukauka siifuniki. Nikirudi usiku nimechoka, inalala wazi mpaka kesho.

Kava lililolegea heri usiwe nalo kabisa. Litafute lililoshonwa kwa umbo la gari yako, lenye mikanda ya kupita chini ya tumbo. Simama kando siku ya upepo usikilize. Ukisikia kitambaa kinapiga makofi, bado hujalifunga.

Sasa ndege. Watu wanadhani kinyesi kinaunguza rangi kwa tindikali peke yake. Kuna jingine. Jua likiwaka, rangi hulainika na kutanuka. Jioni ikipoa inajikaza, na pale penye kinyesi kilichokauka inajifinyanga kufuata umbo lake. Ndiyo maana unasafisha na bado alama imebaki. Tabaka la juu, ile klia, kwenye gari nyingi lina maikroni 40 hadi 50 hivi, halifiki hata unene wa unywele. Ukisugua kwa hasira mara tano sita, umelimaliza. Ndani ya buti nina chupa ya maji na vitambaa viwili laini. Naloanisha kimoja, nakilaza juu ya kinyesi dakika kadhaa mpaka kilainike, kisha nakinyanyua pamoja na uchafu wake. Utomvu wa miti nautoa kwa spiriti kidogo, halafu naosha na kurudishia nta.

Najua kuna seramiki, dawa ya kupaka juu ya rangi, inayokaa miaka, na kuna filamu ya kubandika inayopokea kokoto badala ya rangi. Ni vitu vizuri. Mimi nimebaki na nta kwa sababu nikiipaka, mkono wangu unapita kila mahali. Ndivyo nilivyokiona kipele cha kutu chini ya raba ya kioo cha nyuma, kikiwa bado kidogo kama kichwa cha kiberiti.

Asubuhi_Njema

Mimi sina kava na wala sijaona haja. Kila asubuhi nawasha injini dakika tano, nazima, naenda kazini na gari nyingine. Inaendelea vizuri tu.

Binti_wa_Rotari

Ndugu yangu Asubuhi_Njema, naomba nikusihi hapo kwenye dakika tano. Petroli ikiungua inazaa maji, yale unayoyaona yakidondoka kwenye bomba la ekzosi. Injini isipopata moto wa kutosha hayakauki. Mengine yanabaki ndani ya ekzosi yakiitafuna kwa kutu, mengine yanashukia kwenye oili. Betri nayo umeikamua kwa kupiga stata, na dakika tano za kunguruma papo hapo hazirudishi ulichochukua. Bora uiache siku kumi, kisha uitoe barabarani nusu saa nzima.

Mimi nimefundishwa hayo kwa machozi. Yangu ina injini ya rotari, ile ya Felix Wankel isiyo na pistoni za kupanda na kushuka. Injini hii haitaki kuwashwa ikiwa baridi na kuzimwa hapohapo. Siku moja jirani aliniomba niisogeze apitishe yake. Mita tatu tu. Nikawasha, nikasogeza, nikazima. Jioni nageuza ufunguo, inazunguka bila kushika. Ikiwa baridi huwa inapewa petroli ya ziada, na petroli ile ilikuwa imelowesha plagi na kuosha oili inayosaidia kuziba, mgandamizo ukapotea. Nilikanyaga pedali ya mafuta mpaka chini huku napiga stata, maana kwenye mfumo wa gari yangu hiyo inakata petroli isiendelee kuingia. Nikapumzisha, nikarudia, nikapumzisha. Iliposhika ilitoa wingu la moshi mpaka watu wakatoka nje. Nililia palepale nimeshika usukani.

Siku hizi kama ni kusogezwa, inasukumwa. Na kama italala wiki nzima, haivutwi hendibreki, kwa sababu pedi na diski zikishikana kwa kutu utazibandua kwa shida. Naweka gia ya kwanza na vigingi viwili vya mbao kwenye tairi.

Asubuhi_Njema

Dada, asante. Nilikuwa nadhani naitunza. Kesho naanza kuitoa.

Volti_12

Niingie kwenye betri. Gari iliyozimwa haijalala kabisa. King'ora, saa na kompyuta vyote vinanyonya kidogo kidogo. Chukua miliampia 50, kiasi ambacho si cha ajabu. Kwa siku ni ampia-saa 1.2, kwa siku 30 ni 36. Betri ndogo ya ampia-saa 45 hapo imebaki na nini? Na gari nyingi za spoti zina betri ndogo kwa ajili ya kupunguza uzito.

Nunua mita ya volti. Betri ya kawaida ya risasi na asidi iliyopumzika ikisoma 12.6 imejaa, 12.4 ina kama robo tatu, 12.0 iko karibu kwisha hata kama taa zinawaka. Ikikaa hivyo muda mrefu, chumvi inaganda kwenye sahani zake na haitarudi ilivyokuwa.

Sisi tusio na banda hatuna soketi karibu, kwa hiyo chaja ya kuchomeka muda wote ni ndoto. Mimi nina kipaneli cha jua cha wati 10 nyuma ya kioo cha mbele, kikipitia kidhibiti chaji. Kabla ya hapo nilikuwa nachomoa waya wa hasi. Ukichomoa, hakikisha buti au boneti yako haifunguki kwa umeme tu, na kwamba namba ya siri ya redio unayo. Mimi niliwahi kufunga boneti na kuacha nyenzo zote ndani.

Tairi ziongezeni upepo kidogo kama gari italala mwezi, zisipate ubapa sehemu iliyogusa chini. Na someni tarakimu nne ubavuni: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi inaweza kuwa na kashata nzima na bado ikawa imezeeka kwa jua.

Kimya_Kimya

Panya. Nilifungua kichujio cha hewa nikakuta kiota cha sponji iliyotafunwa, na waya mbili zimebaki shaba tupu. Gari ilikuwa imetulia siku kumi na tisa chini ya kava. Kava linawapa giza na ujoto. Sasa kila siku ya tatu nafungua boneti, nagongagonga, natazama kwa tochi.

Usiku_wa_Manane

Mimi nitaongelea wezi. Yangu inawaka kwa kitufe, ufunguo unabaki mfukoni. Walikuja usiku wa manane. Mmoja alisimama karibu na mlango wa nyumba na kifaa kinachonasa mawimbi ya ufunguo ulioko ndani, mwenzake yuko kando ya gari na cha pili. Gari ikadhani mwenyewe nimefika. King'ora hakikulia kwa sababu, kwa gari, hakuna aliyevunja kitu.

Kilichoiokoa ni swichi ya siri niliyofungiwa na fundi kwenye waya wa pampu ya petroli. Iliwaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye mpira, ikaenda kidogo, ikazima. Asubuhi niliikuta katikati ya njia, milango yote wazi, taa ya ndani bado inawaka, kiti cha dereva kimesogezwa nyuma kabisa. Kile kiti ndicho kilichoniuma. Nilikaa siku nyingi ndipo nikakirudisha vizuri mahali pangu.

Leo ufunguo unalala kwenye mfuko unaozuia mawimbi, na huwa naujaribu: nausogeza karibu na gari ukiwa mfukoni mle, navuta kitasa. Ikifunguka, mfuko umechoka. Usukani una kufuli la chuma linaloonekana kutoka nje. Gari inatazama ukuta, na gari ya kazi inapaki nyuma yake. Na kava, wakuu, hata liwe la kawaida, linaficha. Mpita njia haoni ni gari gani.

Ghorofa_ya_Tano

Ninyi wenye ubavu wa nyumba mna heri. Mimi napaki kwenye uwanja wa watu wote, kava nililokuwa nalo liliibwa wiki ya pili. Nilichobaki nacho ni kuchagua nafasi. Naisubiri ile ya mwisho yenye nguzo, nasogea mpaka nguzoni, ili mlango wa mtu ubaki upande mmoja tu. Nakunja vioo vya pembeni. Ndani naweka kizuia jua kwenye kioo cha mbele, maana dashibodi ilishaanza ufa karibu na matundu ya hewa. Kila jioni nashuka kuizunguka mara moja, hata kama sitaiendesha.

Swali langu: paa langu ni la kitambaa, halina tundu hata moja, lakini baada ya mvua kubwa nakuta zulia limelowa nyuma ya viti. Maji yanapita wapi?

Taa_za_Kuchomoza

Mkuu, hilo nalijua kama jina langu. Paa la kukunja halikusudiwi kuzuia maji yote. Yanayoteremka pembeni yanapokelewa na mfereji nyuma ya milango, yanaingia kwenye tundu kila upande na kushuka kwa mpira mpaka chini ya gari. Yangu ilikuwa chini ya mti. Majani yanasagika, yanakuwa tope, tundu linaziba. Maji yakikosa njia yanamwagikia zuliani, au mabaya zaidi yanajaa ndani ya kizingiti cha mlango na kukiozesha kutoka ndani, wewe nje unaona rangi inang'aa.

Usitumie waya mgumu, utatoboa mpira au kuuchomoa mahali pake. Mimi nilitumia uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kukatia majani, nikauviringa ncha isiwe kali, nikausukuma taratibu huku nauzungusha. Kilitoka kipande cheusi kirefu kama kidole, kikifuatiwa na maji yenye harufu. Baada ya hapo mimina maji kidogo kutoka kwenye chupa, kila upande, chungulia chini ya gari uone yakitoka.

Ghorofa_ya_Tano

Nimeshuka sasa hivi na tochi na chupa mbili. Upande wa dereva maji yanatoka chini bila shida. Upande wa abiria yamesimama kwenye tundu, hayashuki hata kidogo. Nimemwomba mlinzi uzi wa mashine yake, ameenda kuuchukua.