Beki wa klabu nne: dau nono mwaka mmoja, au mshahara miaka miwili?

Ngamiani Kati
Wagosi, salamu. Kuna beki wa kati hapa Tanga, miaka 27, klabu nne ndani ya misimu sita, mkataba unaisha mwisho wa msimu huu. Ana ofa mbili. Ya kwanza ni mwaka mmoja, dau (pesa ya kusaini) milioni 20, mshahara 800,000 kwa mwezi. Ya pili ni miaka miwili, dau milioni 8, mshahara 1,300,000. Anayemsimamia anaishikilia ya kwanza. Anaruhusiwa kusaini sasa? Na achukue ipi?

Raskazone
Kusaini ruksa mkataba ukibakiza miezi sita au pungufu, ila klabu inayomtaka iiandikie kwanza klabu yake ya sasa. Asisaini kotekote, mikataba miwili ya kipindi kimoja humfanya mchezaji afungiwe kucheza.

Sasa hesabu. Ofa ya kwanza ni 20 + 9.6, yaani milioni 29.6. Ya pili ni 8 + 31.2, jumla 39.2, sawa na 19.6 kwa mwaka. Kwa macho ya kwanza imeshinda. Lakini dau hulipwa kwa awamu, na awamu ya pili ndiyo inayopotelea njiani. Ikikwama nusu, ofa ya kwanza nayo inabaki 19.6, na mwaka ukiisha jamaa yuko mtaani akitafuta timu akiwa na miaka 28. Msimamizi anaipenda kwa sababu asilimia yake inatoka kwenye dau, tena siku ya kusaini.

Mimi ningechukua ya pili, baada ya kusoma kipengele cha kuvunja mkataba. Kikisema klabu inaweza kumwacha kwa kumlipa mshahara wa mwezi mmoja, hiyo miaka miwili ni ya kwenye karatasi tu. Adai kiseme alipwe mishahara yote iliyobaki. Tarehe za awamu za dau ziandikwe, siyo "baadaye".

Chumbageni 7
Niongeze: vipimo vya afya vifanyike kabla ya kalamu. Kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba kutegemea vipimo. Na abaki na nakala yenye sahihi zote. Wengi huambiwa "iko ofisini", siku ya kesi haionekani.

Mishahara ikilala miezi miwili, asigome mazoezi, maana hapo kosa linahamia kwake. Aandike barua ya madai, awape siku 15, abaki na ushahidi kwamba imepokelewa. Ndipo aende TFF, shirikisho la soka nchini.

Nyuma ya Goli
Mmesahau mpira wenyewe. Beki Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal Union ya hapa Tanga kwenda Yanga 2020. Beki mwingine, Abdi Banda, alipita Coastal na Simba, akafika Baroka ya Afrika Kusini 2017. Hao walichukuliwa wakiwa bado wanapanda. Wa miaka 27 mwenye klabu nne hununuliwa aingie kikosini wiki hiyohiyo.

Kinachowaangusha ni mazoea ya timu waliyotoka. Kocha wa zamani alimruhusu amfuate mshambuliaji akishuka kupokea. Huyu mpya anataka mstari ukae. Beki anatoka, mwenzake habani, mpira unapita mgongoni mwake. Kwa hiyo wiki ya kwanza aulize: nani anaruka mpira wa kwanza, nani anabaki kufunika? Kona tunakaba mtu au eneo? Kipa anatoka hadi wapi? Ajue pia kucheza beki wa kulia. Nafasi ya pili ndiyo inayomweka kwenye benchi badala ya jukwaani.

Ngamiani Kati
Shukrani. Na ikitokea timu ya nje dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu?

Chumbageni 7
Kwa msimu mmoja anaweza kusajiliwa klabu tatu, ila kwa kawaida mechi za mashindano acheze za mbili tu. Kwa hiyo akihama Januari, asitegemee klabu nyingine ya kuchezea kabla msimu haujaisha. Akiwa huru, umri wake ni faida: fidia ya mafunzo (pesa ya klabu zilizomlea) kwa uhamisho wa nje hukoma mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23, hivyo klabu ya nje haidaiwi hiyo. Wakitaka video, atume klipu za dakika tano pamoja na mechi moja nzima, hata ile aliyofungwa.